Farasi wa Vita katika Karne ya 19: Chakula, Kwato na Pumzi

Kazi ya farasi katika majeshi ya karne ya 19 ilikuwa kumfikisha askari mahali kabla adui hajafika, kumpelekea jemadari habari za mbali kwa njia ya doria na, kwa dakika chache tu katika maisha yake, kubeba shambulio la upanga au mkuki. Wachoraji walipenda shambulio, na vitabu vingi vimewafuata wachoraji. Daftari za majeshi yenyewe zinasimulia habari nyingine. Farasi wengi walikufa njiani, mazizini na ndani ya meli kuliko mbele ya mizinga, na vikosi vilivyoshindwa vilishindwa mara nyingi kwa sababu ya shayiri, kwato na migongo iliyochubuka. Uwezo wa kikosi uliishia pale pumzi ya farasi ilipoishia, hata kama kamanda alikuwa na ujasiri wa simba.

Farasi wote hawakufanya kazi moja. Mwanzoni mwa karne, majeshi ya Ulaya yaliwagawa kwa umbo. Wakuirasia, waliovaa kinga ya chuma kifuani na mgongoni, walipanda farasi wakubwa wenye urefu wa kama sentimita 160 mabegani, kwa sababu mnyama mdogo hakuweza kumbeba mtu mzito pamoja na chuma chake. Wahusari na wapanda farasi wengine wepesi walipewa wanyama wadogo zaidi, wepesi wa kugeuka na wavumilivu wa njaa, maana kazi yao ilikuwa doria, kufukuza waliovunjika na kunyemelea misafara ya chakula. Kati yao walisimama dragoni, ambao asili yao ilikuwa askari wa miguu wanaosafiri juu ya farasi. Katika makundi yote mzigo ulikuwa ule ule mkubwa kupita kiasi: ukijumlisha mtu, tandiko, silaha, blanketi, risasi na chakula cha siku chache, farasi alibeba zaidi ya kilo 100. Mgongo wenye kidonda cha tandiko ulimwondoa kazini kwa wiki kadhaa, na kidonda hicho kilianzia kwenye kunjo moja tu la blanketi lililotandikwa vibaya alfajiri.

Kumpata farasi wa namna hiyo lilikuwa jambo la miaka. Mnyama huzaliwa baada ya miezi 11, hununuliwa akiwa na miaka mitatu au minne, kisha hufundishwa hadi mifupa yake ikomae. Hivyo farasi aliyepotea vitani hakuweza kurudishwa kwa amri ya wizara, kama bunduki iliyoagizwa upya kiwandani. Nchi zilizolielewa hilo ziliwekeza mapema. Prussia ilikuwa na shamba la uzazi la Trakehnen tangu mwaka 1732, na tume zake zilizunguka vijijini Prussia Mashariki zikinunua farasi wachanga kutoka kwa wakulima, ambao walikuzwa kwenye mashamba ya serikali kabla ya kupelekwa vikosini. Milki ya Austria ilianzisha Mezőhegyes mwaka 1784 na Bábolna mwaka 1789, yote katika ardhi ya Hungaria. Ufaransa nayo ilitegemea mashamba yake ya serikali, hasa ya kusini karibu na Tarbes, kulikokuzwa farasi wepesi wenye damu ya Kiarabu. Uingereza haikujenga mfumo kama huo. Iliwaachia wafanyabiashara na wakulima wa Ayalandi kazi ya kuzalisha, ikanunua inapohitaji, na ikalipia uzembe huo kila vita kubwa ilipozuka.

Jeshi la Uingereza nchini India lilikuwa na njia yake, na njia hiyo ilipita katika bahari inayojulikana vizuri pwani ya Afrika Mashariki. Wafanyabiashara wa Ghuba walipakia farasi wa Kiarabu katika bandari kama Basra na Kuwait na kuwapeleka Bombay, ambako maofisa wa vikosi vya wapanda farasi walishindana nao kwa bei. Farasi wa Kiarabu alikuwa mdogo kwa macho ya Mwingereza, lakini alikula kidogo, kwato zake zilikuwa ngumu, na joto halikumwangusha. Alikuwa pia zawadi ya kifalme: Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, alipopeleka meli yake Sultana mjini New York mwaka 1840, miongoni mwa zawadi za Rais Martin Van Buren walikuwemo farasi wawili wa Kiarabu. Baadaye soko la India likafurikwa na farasi wa Australia kutoka New South Wales, wakubwa zaidi na wa bei nafuu kwa wingi, na biashara ya Ghuba ikapungua nguvu.

Farasi mpya alipofika kikosini hakuwa bado askari. Kwa asili ni mnyama wa kundi anayeokoka kwa kukimbia, na jeshi lilimtaka afanye kinyume: aende kwenye moshi, asimame bunduki ikipigwa juu ya masikio yake, aache mwenzake aliyeanguka alale. Mafunzo yalichukua miezi mingi. Alizoeshwa ngoma na bendera kwa umbali, kisha karibu. Bastola ilipigwa wakati anakula, ili mlio uhusiane na shayiri mdomoni. Shule kama ile ya Saumur nchini Ufaransa ziliwafunza maofisa kwa ustadi mkubwa, ingawa ubishi wao juu ya namna ya kushika hatamu mara nyingine ulielekea uwanja wa maonyesho kuliko uwanja wa vita. Askari wa kawaida alihitaji mambo machache: kukaa vizuri juu ya tandiko, kumwongoza farasi kwa mkono mmoja kwa sababu mwingine ulishika upanga, na kujua lini ashuke atembee. Hilo la mwisho ndilo lililofundishwa kwa nadra zaidi.

Shambulio lenyewe lilikuwa hesabu ya pumzi. Kikosi kilianza kwa mwendo wa hatua, kikaenda matiti, kikaingia shoti, na mbio za mwisho zilihifadhiwa kwa mita chache zilizobaki. Sababu ni mbili. Farasi aliyefunguliwa mbio mapema hufika amechoka, na safu inayokimbia mbali huvunjika, wenye nguvu wakitangulia na wadhaifu wakibaki nyuma, hadi uzito wa pamoja ukapotea. Ndiyo maana maofisa wazoefu waliwazuia askari wao kwa sauti kali mpaka dakika ya mwisho.

Watu wengi hudhani safu mbili za farasi ziligongana vifua kwa vifua. Kwa kawaida haikuwa hivyo. Upande mmoja uligeuka kabla ya kukutana, au safu zilipenya kati ya nafasi zao, mapanga yakafanya kazi kwa sekunde chache. Farasi hakubali kujitupa kwenye kitu kigumu anachokiona. Huko Waterloo, tarehe 18 Juni 1815, Marshal Ney aliwaongoza maelfu ya wapanda farasi wa Ufaransa mara kwa mara dhidi ya miraba ya askari wa miguu wa Uingereza na washirika wake. Miraba ilisimama. Mbele ya ukuta wa singe farasi walipinda, wakazunguka, wakapigwa risasi ubavuni. Ardhi ilikuwa tope la mvua ya usiku, na mashambulio ya mwisho yalikwenda polepole kiasi kwamba yalikuwa matembezi. Mfano wa kinyume unathibitisha kanuni. Huko García Hernández nchini Hispania, Julai 1812, dragoni wa Kijerumani waliotumikia Uingereza walivunja mraba wa Wafaransa kwa sababu farasi mmoja aliyepigwa risasi aliangukia ndani ya safu na kufungua mlango. Mnyama aliye hai na mwenye akili timamu asingefanya hivyo.

Siku ile ile ya Waterloo, mchana, vikosi vizito vya Uingereza vilivunja askari wa miguu wa Ufaransa kwa shambulio lililofaulu kabisa, kisha havikusimama. Askari waliendelea kuvuka bonde hadi kwenye mizinga ya adui, farasi wakiwa wametoka pumzi. Wapanda farasi wa Ufaransa wenye mikuki, waliokuwa na wanyama ambao hawajachoka, waliwashukia kwa urahisi, na Jenerali William Ponsonby akauawa katika kurudi nyuma huko. Jemadari aliyebakiza kikosi kimoja cha farasi wenye pumzi alikuwa na nguvu kuliko aliyetumia vyote mara moja. Kanuni hiyo ilijulikana na kila ofisa, na ilivunjwa katika karibu kila vita.

Silika ya kundi iliyomfanya farasi aogope singe ilikuwa pia gundi ya kikosi. Farasi aliyepoteza mpandaji hakukimbilia msituni. Alirudi kwenye safu yake. Katika shambulio la Brigedi Nyepesi ya Uingereza huko Balaklava, katika Vita vya Krimea, tarehe 25 Oktoba 1854, wanyama wasio na wapandaji walimsonga ofisa wake Lord George Paget pande zote mbili kutafuta usalama wa kundi, wakimpaka damu nguo zake. Askari wapatao 670 waliteremka bondeni kati ya mizinga ya Warusi kwa amri iliyoeleweka vibaya, na farasi zaidi ya 300 walipotea siku hiyo. Tukio hilo linajulikana na watoto wa shule Uingereza. Kilichowapata farasi waliosalia kinajulikana na wachache, nacho kina mafunzo zaidi.

Lakini kwanza chakula. Farasi wa jeshi akifanya kazi anahitaji kilo kama 10 hadi 12 za nafaka na nyasi kavu kila siku, pamoja na maji ya lita 30 hivi au zaidi. Jeshi la Marekani liliweka kipimo cha takriban kilo 5.5 za nafaka na zaidi ya kilo 6 za nyasi kavu. Kikosi cha farasi 1,000 basi kilikula tani 12 kwa siku, na mikokoteni ya kubeba tani hizo ilivutwa na wanyama wengine ambao nao walikula. Tumbo la farasi halina akiba kama la ng'ombe au ngamia. Ni dogo, linataka chakula kidogo mara nyingi, na likipewa majani mabichi ghafla au nafaka changa hupata msokoto unaoua kwa saa chache.

Napoleon alivuka mto Niemen kuingia Urusi Juni 1812 akiwa na zaidi ya farasi 150,000, wakiwemo wa mizinga na mikokoteni. Ghala hazikuweza kuwafuata. Askari waliwakatia wanyama ngano changa ya mashambani, msokoto wa tumbo ukaanza, na mvua baridi ya mwisho wa mwezi huo karibu na Vilnius ikaua maelfu kabla vita kubwa hata moja haijapiganwa. Marshal Murat, kamanda wa wapanda farasi, alikuwa hodari wa kushambulia kuliko wote wa zama zake na mbaya kuliko wote kwa utunzaji: aliwaweka farasi wake wametandikwa tangu alfajiri hadi usiku, wamesongamana katika nguzo kubwa zisizoweza kupata malisho. Inasimuliwa kwamba alipolaumu ulegevu wa shambulio moja, Jenerali Nansouty alimjibu kuwa askari huvumilia bila mkate kwa kuipenda nchi yao, lakini farasi hawana uzalendo. Kama maneno ni yake au yalitungwa na wenzake, hali waliyoieleza ilikuwa kweli tupu.

Kisha zikaja kwato. Kiatu cha chuma kilicho laini chini huteleza kwenye barafu, na kwa majira ya baridi hufungwa meno ya kuuma ardhi. Caulaincourt, msimamizi wa farasi wa mfalme, aliyekuwa amekaa Urusi kama balozi, aliwawekea farasi wa Napoleon viatu hivyo. Jeshi kwa jumla halikufanya hivyo. Wakati wa kurudi kutoka Moscow, farasi waliokonda walianguka kwenye vilima vya barafu, wakajaribu kuinuka, wakaanguka tena, na askari wenye njaa wakawachinja papo hapo. Kufika mto Berezina, kulibaki farasi wachache kiasi kwamba maofisa wenye wanyama walikusanywa katika kikosi kimoja cha kumlinda mfalme, majenerali wakishika vyeo vya makapteni.

Pengo hilo liliamua mambo zaidi ya Urusi. Mwaka 1813 Napoleon aliandikisha vijana kwa miezi michache, akatengeneza mizinga mipya, akashinda Lützen na Bautzen mwezi Mei. Kwenye viwanja vyote viwili adui aliondoka kwa utaratibu, kwa sababu Wafaransa hawakuwa na wapanda farasi wa kuwafukuza. Miaka saba kabla, baada ya vita vya Jena, ufukuzaji wa farasi ulikuwa umegeuza ushindi wa siku moja kuwa maangamizi ya jeshi zima la Prussia. Vijana walipatikana, farasi wa miaka mitano hawakuwepo, maana walipaswa kuwa wamezaliwa mwaka 1808.

Krimea ilirudia somo hilo kwa kipimo kidogo. Farasi wa Uingereza waliletwa kwa meli, wengi wakiwa wamesimama kwa wiki kadhaa wamefungwa bega kwa bega sehemu ya chini ya meli, bila nafasi ya kulala. Baada ya shambulio la Oktoba, tufani ya tarehe 14 Novemba 1854 ilizamisha meli zilizokuwa na nyasi kavu na nguo za baridi. Shehena nyingine ilikuwepo bandarini Balaklava, kilomita chache tu kutoka kambi, ila njia iligeuka tope, na wanyama waliopaswa kwenda kuichukua hawakuwa tena na nguvu za kutembea. Walisimama wazi kwenye upepo na theluji. Walikula mbao, kamba na matandiko, kisha singa za shingo na mikia ya wenzao. Katika baridi hiyo Brigedi Nyepesi, iliyonusurika mizinga, ilikoma kuwa kikosi kinachoweza kupanda. Tume ya uchunguzi ya McNeill na Tulloch iliwataja kwa lawama makamanda wa wapanda farasi, Lord Lucan na Lord Cardigan. Bodi ya maofisa iliyokaa Chelsea mwaka 1856 ikawasafisha. Farasi hawakuwa na wa kuwasemea katika kikao hicho.

Maradhi yalikuwa adui mwingine wa kambini. Lililoogopwa zaidi lilikuwa glanda, ugonjwa wa kamasi nzito na vidonda puani, unaoambukiza farasi na kuua hata binadamu. Vyuo vya uganga wa mifugo vilikuwa tayari Lyon tangu 1762 na London tangu 1791, na jeshi la Uingereza liliajiri waganga wa farasi vikosini kuanzia 1796. Ubishi kama glanda unaambukiza au unatokana na hewa mbovu uliendelea kwa miongo. Edward Coleman, mkuu wa chuo cha London, aliamini hewa mbovu ya mazizi ndiyo chanzo, akasisitiza madirisha na njia za hewa. Alikosea kuhusu chanzo, na hata hivyo mazizi yake yaliokoa wanyama wengi, kwa kuwa yalipunguza msongamano na maradhi ya mapafu. Kijidudu chenyewe kilitambuliwa na Löffler na Schütz mjini Berlin mwaka 1882, na katika miaka ya 1890 kikapatikana kipimo cha kumgundua farasi mgonjwa kabla hajaonyesha dalili.

Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilitumia farasi kwa wingi ambao Ulaya haikuwa imeuona tangu Napoleon. Makadirio ya farasi na nyumbu wa mizigo waliokufa huanzia milioni moja. Mwanzoni upande wa Kusini ulikuwa na faida: vijana wake walikulia juu ya tandiko na walikuja vitani na farasi wao wenyewe, serikali ikiwalipa senti 40 kwa siku kwa matumizi ya mnyama. Mpango huo ulionekana wa bei rahisi. Kasoro yake ilijitokeza baadaye, kwa sababu askari ambaye farasi wake alikufa kwa maradhi au kuchoka alilazimika kujitafutia mwingine, na kwa kawaida alirudi nyumbani kumtafuta, umbali wa mamia ya kilomita. Vikosi vya Kusini viliyeyuka hivyo bila kupigwa risasi.

Kaskazini ilianza vibaya. Wafanyabiashara waliiuzia serikali farasi vipofu, wazee na wenye kasoro, na askari waliotoka viwandani hawakujua kupangusa mgongo wala kuangalia kwato. Oktoba 1862, baada ya vita vya Antietam, Jenerali McClellan wa Kaskazini aliandika kwamba farasi wake wana maradhi ya ulimi na ya miguu na wamechoka. Rais Lincoln akamwuliza kwa simu ya maandishi wamefanya nini tangu vita hivyo hadi wachoke. Kejeli hiyo imenukuliwa mara nyingi. Haki iseme kwamba maradhi yalikuwepo kweli na maelfu ya wanyama hawakuweza kutumika. Lincoln mwenyewe alijua thamani yao: Machi 1863 wavamizi wa Kusini wa John Mosby walipomteka Brigedia Jenerali Stoughton pamoja na farasi 58, inasimuliwa kuwa rais alisikitikia farasi, maana jenerali mwingine angeweza kumteua kwa kalamu.

Julai 1863 ikaundwa Ofisi ya Wapanda Farasi, na nje ya Washington, kando ya mto Potomac, kikajengwa kituo cha Giesboro chenye nafasi ya farasi 30,000, na hospitali ya wanyama na wahunzi wa viatu. Farasi waliochoka walirudishwa hapo, wakalishwa na kupumzishwa, waliopona wakatumwa tena. Hata hivyo matumizi yalitisha. Katika miezi minane ya mwanzo ya 1864, wapanda farasi wa Jeshi la Potomac la Kaskazini walipewa farasi karibu 40,000, yaani wawili kwa kila askari. Ni kiwango ambacho Kusini haikuweza kukifikia kamwe, na hapo ndipo uwiano ulipogeuka.

Namna ya kupigana nayo ilibadilika. Misitu na bunduki zenye mifereji ndani ya mtutu viliwafundisha Wamarekani kumtumia farasi kufika, kisha kushuka. Asubuhi ya 1 Julai 1863, askari wa John Buford walishuka magharibi ya mji wa Gettysburg na kuwachelewesha askari wa miguu wa Kusini kwa karabini zao hadi msaada ukafika. Mtu mmoja kati ya wanne alibaki nyuma ameshika farasi wa wenzake, kwa hiyo kila kikosi kilichoshuka kilipoteza robo ya bunduki zake. Mwezi Aprili mwaka huo Benjamin Grierson wa Kaskazini, mwalimu wa muziki ambaye inasemekana hakuwapenda farasi tangu mmoja alipompiga teke utotoni, aliondoka La Grange, Tennessee, na wapanda farasi 1,700. Aliharibu reli katika jimbo la Mississippi na kufika Baton Rouge baada ya siku 16 na kilomita zipatazo 960. Alifaulu kwa kuchukua farasi wapya mashambani kila wa kwake walipoishiwa.

Maofisa wa Ulaya waliokuja kutazama vita hivyo walirudi makwao wakisema hayo ni mambo ya nchi yenye misitu. Mwaka 1870 Vita vya Ufaransa na Prussia viliwapa wote walichotaka kusikia. Huko Mars-la-Tour, tarehe 16 Agosti, Jenerali von Bredow wa Prussia aliongoza wapanda farasi wapatao 800 kupitia bonde na moshi, akaifikia mizinga ya Wafaransa na kuinyamazisha. Karibu nusu ya watu wake hawakurudi. Kwa miaka 40 iliyofuata, walimu wa vyuo vya kijeshi walilitaja shambulio hilo kuthibitisha kuwa wakati wa mkuki haujapita, wakisahau kutaja bonde na moshi. Hesabu ya kawaida ilikuwa kali zaidi. Farasi aendaye shoti hupita mita 400 kwa dakika. Mbele ya bunduki za zama za Napoleon, zilizokuwa na uhakika wa mita 100 hivi, alikuwa hatarini kwa sekunde 15, muda wa mkupuo mmoja. Mbele ya bunduki ya Chassepot yenye kufika zaidi ya mita 1,000, alipigwa kwa dakika mbili na nusu na askari anayejaza risasi kwa nyuma akiwa amelala chini. Farasi pia ni shabaha kubwa kuliko mtu. Katika vita hivyo hivyo, doria za waulani wa Kijerumani, yaani wapanda farasi wenye mikuki, zilifanya kazi kubwa zaidi kuliko mashambulio yote, zikitangulia siku nzima mbele ya jeshi na kurudi na habari. Wapanda farasi wa Ufaransa waliozingirwa Metz waliishia kuwala wanyama wao kabla ya mji kujisalimisha Oktoba.

Barani Afrika mipaka ya farasi ilichorwa na wadudu. Ukanda wa nyika na savana kusini ya Sahara ulikuwa na majeshi ya farasi yenye historia ndefu, kama ya Borno, yenye farasi waliovishwa deraya za pamba nene. Huko Tabkin Kwatto mwaka 1804, wafuasi wa Usman dan Fodio, wengi wao wapiga mishale kwa miguu, waliwashinda wapanda farasi wa Gobir. Miaka michache baadaye dola waliyoianzisha ya Sokoto nayo iliegemea farasi. Kusini zaidi, mbung'o alifunga njia. David Bruce, akifanya kazi Zululand katikati ya miaka ya 1890, alionyesha kuwa mbung'o ndiye anayebeba vijidudu vya nagana vinavyoua ng'ombe na farasi. Penye mbung'o, farasi hakudumu msimu. Pasipo mbung'o palikuwa na homa ya farasi wa Kiafrika, inayosambazwa na usubi wa usiku baada ya mvua: mwaka 1854 na 1855 iliua farasi wapatao 70,000 katika Koloni la Cape. Makaburu walijua kuwalaza wanyama wao juu ya vilima au ndani ya mazizi kuanzia magharibi, na farasi aliyeugua akapona aliuzwa kwa bei kubwa.

Ujuzi huo haukuwa na wanunuzi London. Vita vya Waingereza na Makaburu, 1899 hadi 1902, vilitumia farasi zaidi ya 500,000 upande wa Uingereza, na zaidi ya 300,000 kati yao walikufa. Wengi waliletwa kutoka Argentina, Hungaria, Marekani na Australia, wakashushwa bandarini baada ya wiki nyingi baharini na kupakiwa kwenye treni bila mapumziko, wakiwa na manyoya ya majira ya nchi walikotoka. Farasi aliyezoea kulishwa kwenye kihori hakujua kujilisha majani makavu ya nyika. Farasi wadogo wa Makaburu na wa Basuto walijilisha wenyewe kila waliposimama, na waliachwa hatamu zikining'inia chini bila kuondoka, bwana wao akilenga shabaha nyuma ya jiwe.

Mwendo wa Jenerali French wa Uingereza kuukomboa mji wa Kimberley unaonyesha faida na gharama kwa pamoja. Alianza tarehe 11 Februari 1900 na wapanda farasi wapatao 5,000, akavuka mito miwili katika joto kali, akapasua safu ya Makaburu huko Klip Drift kwa shoti ndani ya wingu la vumbi na kupoteza watu wachache sana, akaingia Kimberley tarehe 15. Farasi wake waliangukia njiani kwa mamia kwa kiu na uchovu. Siku mbili baadaye alipotakiwa kumkata Jenerali Cronjé wa Makaburu asivuke mto Modder, aliweza kuondoka na sehemu ndogo tu ya divisheni yake. Ilitosha, kwa bahati: Cronjé alinaswa Paardeberg na kujisalimisha tarehe 27 na watu wapatao 4,000. Lakini divisheni ya farasi ilikuwa imetumika yote kwa wiki mbili. Huko Ladysmith, mji uliozingirwa hadi mwisho wa mwezi huo, farasi wa vikosi walichinjwa na kuchemshwa kuwa supu na nyama ya kopo kwa ajili ya wagonjwa. Mwaka 1905 wakazi wa Port Elizabeth, bandari walikoshukia wengi wa wanyama hao, walisimamisha sanamu ya askari aliyepiga magoti akimnywesha farasi kwa ndoo.

Baada ya vita Uingereza iliipanua idara yake ya uganga wa mifugo jeshini na kuweka utaratibu wa kuorodhesha farasi wa raia. Mwaka 1900 John McFadyean alikuwa ameshaonyesha kuwa homa ya farasi husababishwa na kitu kidogo kinachopenya vichujio vya bakteria. Maarifa hayo hayakuwazuia makamanda wa Afrika Kusini, miaka 16 baadaye katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kuingia Afrika Mashariki ya Wajerumani na brigedi za wapanda farasi. Aprili 1916, katika mvua za masika, Jenerali van Deventer aliondoka maeneo ya Arusha na kufika Kondoa Irangi tarehe 19 kwa mwendo wa haraka uliowashangaza Wajerumani. Sehemu kubwa ya farasi wake ilikuwa imekufa au haifai tena, na kati ya Kondoa na Reli ya Kati mbung'o na homa vilimaliza waliobaki na wengi wa walioletwa badala yao. Vikosi hivyo viliendelea kwa miguu, na mizigo yao ikahamia vichwani mwa wapagazi.